Kusoma ukuta wa korongo: mwongozo kamili wa kuchunguza udongo, mawe na mazingira ya kale

Mvua ikishakata ardhi, nusu ya kazi ya mchunguzi imefanyika. Ukuta wa korongo unakuonyesha kwa mara moja vitu ambavyo ungevitafuta kwa sululu wiki nzima: udongo wa leo, udongo wa zamani uliozikwa chini yake, kokoto za mto uliokwisha kufa, pengine na mkaa wa moto uliowashwa na watu ambao hata majina yao hayajulikani. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuusoma ukuta wa namna hiyo kwa utaratibu: mwalimu na wanafunzi wake, mkulima, mchimbaji mdogo, au kijana wa chuo anayejiandaa kwenda uwandani. Karibu vifaa vyote vinapatikana sokoni.

Watu wa Kondoa hawahitaji kuelezwa korongo ni nini. Mmomonyoko katika milima ya Irangi ulifikia hatua ambayo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Isimila, karibu na Iringa, maji yamechonga udongo hadi zikabaki nguzo ndefu zilizosimama peke yake, na humo ndimo yalimoonekana mashoka ya mawe ya Zama za Mawe. Kama kwenu hakuna korongo, shimo la moramu litafaa, au shimo la kufyatulia matofali, barabara iliyokatwa mlimani, hata shimo la choo kabla halijajengewa.

Jambo moja linatawala hatua zote zinazofuata. Kitu kikitolewa mahali pake kabla hakijaandikwa, kimepoteza habari nyingi kuliko zile kinazobaki nazo. Kigae kilicho mezani ni kigae tu. Kigae kilicho sentimita 75 chini ya ardhi, katikati ya kokoto, chini ya udongo mwekundu usiovurugwa, kinakueleza kwamba udongo wote ulio juu yake ulifika baada ya watu kuvunja chungu. Kwa hiyo kalamu itangulie mkono.

Kabla hujagusa kitu

Omba ruhusa ya mwenye shamba na upite kwa mtendaji wa kijiji. Wageni wenye sululu hudhaniwa wanatafuta dhahabu au mali ya Wajerumani, na uvumi huo ukishasambaa utarudi kukuta ukuta wako umefukuliwa.

Kisha kuna sheria. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na visukuku vya binadamu, vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea. Kuvichimba kunahitaji leseni. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inaweka mpaka wake kwenye mwaka 1895. Kwa kazi tunayoifanya hapa sheria hizi si kikwazo: unakwangua, unapima, unapiga picha, unachukua udongo. Ukikutana na mfupa uliogeuka jiwe, shoka la jiwe au vigae, viache vilipo, piga picha, pima kina, utoe taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa mamlaka ya mambo ya kale au makumbusho ya taifa.

Usalama nao. Ukuta wa udongo hauangukii mtu kwa hodi. Kwanza panda juu, uangalie kama kuna nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo. Zikiwepo, tafuta ukuta mwingine. Usikae chini ya sehemu iliyoning'inia, usifanye kazi peke yako, na usiingie korongoni mawingu yakiwa yamejikusanya milimani, hata kama ulipo jua linawaka. Ukichimba mwenyewe na shimo likapita kiasi cha mita 1.2, likate kwa ngazi badala ya kushuka wima.

Vya kubeba

Jembe la mkono, mwiko wa fundi mwashi, kisu, misumari mirefu, tepu ya kupimia, chupa ya maji yenye kunyunyiza, siki nyeupe kwenye kichupa chenye mfuniko mdogo, sumaku (ya spika mbovu inatosha), kipande cha kigae cha sakafuni ambacho upande wake wa nyuma haukupakwa rangi ya kung'aa, kioo cha kukuzia, mifuko ya plastiki, karatasi ya aluminiamu ya jikoni, daftari gumu na kalamu ya risasi. Kalamu ya wino uiache nyumbani, kwa sababu tone moja la maji litakufutia kazi ya asubuhi nzima. Simu unayo tayari.

Hatua ya 1: Safisha ukuta

Uso wa ukuta uliokaa wazi ni mwongo. Mvua imepaka tope la juu hadi chini, jua limeufanya wote rangi moja, mwani na mizizi vimeongeza vyao. Chagua ukanda wenye upana wa mita 1 hivi, ukwangue kwa jembe na kumalizia kwa mwiko, ukianzia juu kushuka ili vumbi lisichafue ulikokwisha safisha. Ingia ndani sentimita 5 hadi 10, mpaka uone udongo mbichi. Usilainishe kama ukuta wa sebuleni. Mwiko ukiburuzwa sana kwenye mfinyanzi unaziba kila kitu kwa ngozi ya tope. Malizia kwa ncha ya kisu, ukibandua vipande vidogo, ili udongo ujikatie kwa maumbile yake.

Nyunyizia maji kidogo. Matabaka ambayo yalikuwa yamefichama yatajitokeza hapo hapo, nawe utajua kwa nini wachunguzi hupenda kufanya kazi asubuhi, udongo ukiwa bado na unyevu. Ning'iniza tepu kuanzia usawa wa ardhi, sifuri ikiwa juu, kisha piga picha ukuta wote ukiwa kivulini. Picha yenye nusu jua nusu kivuli haina faida.

Hatua ya 2: Tafuta mipaka

Wanaoanza hukimbilia kueleza matabaka. Mimi naona mipaka kati yake ndiyo yenye habari nzito, na ndiyo inayosahauliwa.

Simama mbali kidogo, ukunje macho, uone ukuta unagawanyika wapi. Halafu sogea na udunge kwa kisu kila sentimita chache kutoka juu hadi chini. Mkono utahisi kabla ya jicho: kisu kinazama, kinakwama, kinakwaruza. Pale panapobadilika, choma msumari. Ukimaliza, utakuwa na safu za misumari zinazoonyesha mipaka, nawe utasoma kina cha kila mmoja kwenye tepu.

Sasa upime unene wa mpaka wenyewe. Mabadiliko yakitimia ndani ya sentimita 2, mpaka ni mkali. Yakichukua sentimita 5 hadi 15, ni wa taratibu. Yakizidi hapo, umefifia. Tofauti hii ni kubwa sana kwa maana yake. Mpaka wa taratibu mara nyingi ni kazi ya udongo kujitengeneza papo hapo: maji yanashuka na chembe za mfinyanzi, mizizi inachanganya, wadudu wanapandisha na kushusha, miaka inapita. Mpaka mkali unasema kuna jambo lilitokea. Maji yalikwangua uso wa zamani, mafuriko yakamwaga mchanga, volkano ikanyesha majivu, au mtu alichimba. Angalia pia sura yake. Ukiwa umenyooka kama rula, pengine kulikuwa na maji yaliyotulia. Ukiwa na mabonde madogo yaliyojaa kokoto, maji yalikuwa yanakimbia. Ukishuka ghafla pande zote mbili na kutengeneza umbo la ndoo, hilo ni shimo lililochimbwa na binadamu au mnyama, na vilivyomo ndani yake ni vichanga kuliko udongo unaolizunguka, hata kama viko kina kimoja. Hapo ndipo wengi wanapotoa umri usio sahihi.

Hatua ya 3: Udongo mkononi

Chukua udongo wa kujaa kiganja kutoka tabaka moja, toa mawe na mizizi, tia maji kidogo kidogo huku ukikanda mpaka ulainike bila kumwagika. Fanya donge. Likikataa kushikana, hapo una mchanga mtupu. Likishikana, liweke kati ya kidole gumba na cha shahada, ulisukume polepole litoke kama utepe unaoning'inia hewani, na ungoje ukatike wenyewe.

Donge linashikana lakini utepe hautoki kabisa: ni mchanga wenye udongo kidogo. Utepe unakatika kabla ya sm 2.5: uko kwenye kundi la tifutifu. Kati ya sm 2.5 na 5: tifutifu yenye mfinyanzi. Ukipita sm 5 bila kukatika: mfinyanzi. Kisha loweka kipande kidogo kiganjani mpaka kiwe uji, ukisugue kwa kidole. Kikikwaruza, mchanga ni mwingi. Kikiteleza kama unga wa ngano, ni tope laini, yaani zile chembe za kati ambazo macho hayazioni na ambazo mito na maziwa hupenda kuzitandaza. Kikinata, ni mfinyanzi. Kitaalamu, mchanga ni chembe zenye milimita 2 hadi 0.05, tope laini 0.05 hadi 0.002, na chini ya hapo mfinyanzi.

Ukitaka hesabu, nenda nyumbani na chupa ya kioo yenye kuta zilizonyooka. Jaza theluthi moja ya udongo mkavu uliopondwa, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tia sabuni ya unga ya kubana kwa vidole viwili, tikisa dakika 5 au zaidi, uweke chini. Baada ya dakika 1 chora mstari: kilichotuama ni mchanga. Baada ya saa 2 chora mwingine: tope laini. Mfinyanzi utaendelea kutuama siku nzima, na wakati mwingine siku mbili. Unene wa kila kimoja ukigawanywa kwa jumla utakupa asilimia za kukadiria. Kipimo cha utepe ukikizoea kitakuwa karibu sahihi kama chupa, tena kwa dakika tatu.

Hatua ya 4: Rangi

Andika rangi ya udongo ukiwa mbichi na ukiwa mkavu, kwa sababu hutofautiana sana. Wataalamu hulinganisha na kitabu cha vibao vya rangi cha Munsell. Usipokuwa nacho, tumia maneno yale yale kwa ukuta mzima, na weka kipande cha karatasi nyeupe ndani ya picha ili rangi ziweze kulinganishwa.

Wekundu ni chuma kilichokutana na hewa mahali pasipotuama maji. Njano na kahawia ni chuma pia, lakini mahali penye unyevu zaidi. Kijivu au kijivu cha kibuluu kinaonyesha maji yalikaa mpaka hewa ikakosekana na chuma kikayeyuka. Ukiona madoa ya kutu juu ya kijivu, hasa yakifuata njia za mizizi ya zamani, maji yalikuwa yakipanda na kushuka kwa majira. Weusi usikudanganye. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi nyufa za kuingia mkono, mara nyingi hauna mboji nyingi. Weusi wake unatokana na aina ya mfinyanzi unaovimba ukinywa maji. Ukiubandua utaona nyuso zinazong'aa zenye mikwaruzo, mahali ambapo mabonge yalisuguana yakivimba.

Vidoa vyeusi navyo vina mtego. Mkaa ni mwepesi, unavunjika kwa kona na chini ya kioo unaonyesha nyuzi za mti. Lakini madini ya manganizi pia hupaka udongo madoa meusi, na watu wameyabeba hadi maabara wakiyaita mkaa. Dondoshea tone la haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda: manganizi itatoa povu kwa fujo.

Hatua ya 5: Matabaka meupe

Mstari mweupe ukutani humpendeza kila mtu, na kila mtu huuita chokaa. Una sura zisizopungua nne, na kuzitenganisha ni rahisi.

Dondosha siki. Ikitoa povu, hiyo ni chokaa kweli. Sikiliza pia: weka sikio karibu, kwa sababu siki ni dhaifu na wakati mwingine utausikia mchemko kabla hujauona. Ponda kipande kwanza, unga huchemka haraka kuliko jiwe. Vinundu vya chokaa ndani ya udongo maana yake mvua haikutosha kuisukuma chokaa hadi chini kabisa. Ni dalili ya hali ya ukame au ya msimu mrefu wa kiangazi.

Isipotoa povu, inua kipande. Kikiwa chepesi ajabu, kikanata kwenye kidole chenye mate na kuacha unga laini, inaelekea ni diatomaiti, yaani maganda ya mimea midogo ya majini yaliyotuama chini ya ziwa. Nchini Kenya, Kariandusi, karibu na Gilgil, inachimbwa; Olorgesailie matabaka yake meupe yanaonekana toka barabarani, na ndimo mlimozikwa mashoka ya mawe kwa maelfu. Ukikuta diatomaiti mahali ambapo leo mbuzi wanakula miiba, umekuta ziwa.

Kikikwaruza kati ya vidole na chini ya kioo kikaonyesha vipande vyenye kumetameta na fuwele ndogo, fikiria majivu ya volkano. Tabaka la majivu ni bahati kubwa, kwa kuwa lilitandazwa kwa siku chache juu ya nchi nzima, na fuwele zake zinaweza kupimwa umri. Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, majivu yaliyolowa mvua yalishika nyayo za watu wa kale waliotembea kwa miguu miwili, na hata alama za matone ya mvua, miaka milioni 3.66 iliyopita. Na kikiwa cheupe, kinanata, kinatoa utepe mrefu na hakichemki, huo ni mfinyanzi mweupe tu, ule wanaoutumia wafinyanzi.

Hatua ya 6: Mawe na vyuma

Kwa kila tabaka lenye mawe, andika ukubwa, wingi na kona zake. Mawe yenye kona kali hayakusafiri mbali. Yaliyoviringika yalisukumwa na mto au mawimbi. Kama aina ya jiwe haipo kokote mlimani juu yako, jiulize mto ulitokea upande gani.

Ugumu wake upime kwa kukwaruza. Ukucha hukwaruza vitu vya ugumu wa hadi 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kisu hadi 5.5 hivi, kwatzi, yale mawe meupe ya mishipani, ni 7 na hukwaruza kioo bila shida. Sugua madini nyuma ya kigae cha sakafuni na uangalie unga: kati ya madini ya chuma, hematiti huacha mstari wa wekundu wa damu ya mzee hata kama yenyewe ni nyeusi, magnetiti huacha mweusi, na ile dhahabu ya wajinga huacha mweusi wenye ukijani wakati dhahabu yenyewe huacha njano.

Uzito wa asili unapimika kwa mizani ndogo ya kuning'iniza kama ya kupimia samaki. Funga jiwe kwa uzi, lipime hewani, kisha lipime likiwa limezama ndoo ya maji bila kugusa kuta. Tuseme hewani ni gramu 530 na majini gramu 330. Tofauti ni 200. Gawanya 530 kwa 200, unapata 2.65, ambayo ni kwatzi. Jiwe la gramu 1,040 linalosoma 840 majini ni 5.2: hapo una madini ya chuma. Ninapenda kipimo hiki kwa sababu kinanyamazisha ubishi wa kijiweni haraka kuliko maelezo yoyote.

Mavi ya chuma yanastahili maneno ya ziada, maana yapo nchi nzima na watu hupita juu yake. Ni mabaki ya kuyeyusha chuma: mazito, meusi au ya kahawia, yenye matundu ya hewa na uso uliotiririka kama uji uliomwagika, mara nyingi yenye alama za mkaa. Mawe ya volkano nayo yana matundu, ila ni mepesi na yametapakaa ovyo. Mavi ya chuma hukaa kwa marundo, pamoja na vipande vya mabomba ya udongo ya mivukuto yaliyoungua upande mmoja hadi kuwa kama kioo. Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma kwa namna iliyowashangaza watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, waliochapisha matokeo yao mwaka 1978. Wafipa walikuwa na tanuri ndefu kuliko mtu. Kipimo cha uzito majini hapa kitakupotosha kwa sababu ya matundu. Na kama umekuta rundo, usilifumue: mkaa ulionaswa ndani ya mavi ya chuma unaweza kutoa umri wa tanuri lenyewe.

Hatua ya 7: Tembea mteremko

Ukuta mmoja hautoshi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliona kwamba udongo wa Afrika Mashariki unabadilika kwa mpangilio ule ule kutoka kilimani hadi bondeni na kurudia kilima kinachofuata, na mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la katena, mnyororo. Wasukuma walikuwa wakiujua kwa majina kabla yake: luseni ya kichanga juu, itogolo katikati, mbuga chini. Kwa hiyo soma kuta tatu walau, ya juu, ya kati na ya chini. Udongo mwekundu kilimani na wa kijivu bondeni si lazima wawe wa zama mbili. Inawezekana ni mvua ile ile iliyonyesha juu ya mteremko mmoja.

Hatua ya 8: Sampuli

Anzia chini kupanda juu, ili chembe zinazoanguka zisiingie kwenye sampuli ambazo hujachukua. Nusu kilo hadi kilo moja kwa tabaka inatosha, kutoka katikati ya tabaka, mbali na mipaka. Lebo mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje, zenye jina la mahali, namba ya ukuta, kina, tarehe. Anika kivulini siku hiyo hiyo, la sivyo ukungu utakula kazi yako.

Mkaa uchukuliwe kwa ncha ya kisu, usiguswe kwa mkono, ufungwe kwenye aluminiamu. Pamba na karatasi ni vya mimea, vitachanganya hesabu ya kaboni, ile inayotumika kupima umri wa mkaa. Kaboni 14 hupungua nusu kila miaka 5,730 na huisha nguvu kwenye miaka kama 50,000, kwa hiyo haina msaada kwa matabaka ya kale ya Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Mchanga wa kwatzi unaweza kupimwa ni lini ulionja jua kwa mara ya mwisho, lakini sampuli yake hupigiliwa ndani kwa bomba la chuma na kuzibwa gizani. Iache kwa wenye maabara.

Kwa udongo wa kilimo, Tanzania kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mlingano, mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kwa miamba na madini kuna taasisi ya jiolojia, GST, Dodoma. Kenya, maabara za shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, Kabete. Uliza bei na kiasi cha sampuli kabla ya kubeba gunia.

Hatua ya 9: Kutunga simulizi, kutoka chini kwenda juu

Tuchukue ukuta wa mfano ulioandikwa hivi daftarini:

0–22 sm: kahawia iliyokoza, tifutifu ya kichanga, mizizi mingi, siki kimya. Mpaka wa taratibu.
22–71 sm: nyekundu, utepe sm 4, hakuna mawe. Mpaka mkali, wenye mawimbi.
71–79 sm: kokoto za kwatzi zenye kona, vigae viwili, havikuguswa.
79–140 sm: kijivu chenye madoa ya kutu, utepe zaidi ya sm 5, vinundu vinachemka kwa siki. Chini yake hapaonekani, pana kifusi.

Cha chini ndicho cha kwanza, isipokuwa pakiwa na shimo au maporomoko. Hapa palikuwa bonde linalotuama maji masika na kukauka kiangazi. Kisha maji yakakwangua uso huo na kuacha kokoto zilizotoka karibu. Watu walikuwepo. Halafu udongo mwekundu ukashuka kutoka mlimani ukawafunika, na udongo wa leo ukajitengeneza juu yake. Ni mvuto mkubwa hapo kusema kwamba walikata msitu, wakasababisha mmomonyoko, wakazikwa nao.

Subiri. Mchwa nao hutengeneza mistari ya kokoto. Kwa miaka mingi hupandisha chembe ndogo juu kujengea vichuguu, mvua ikavisambaza, na mawe wasiyoweza kuyabeba yakabaki chini yakizama polepole, pamoja na vigae. Ukaguzi: kama udongo wa juu hauna hata punje kubwa kuliko milimita chache, na kokoto zinatokana na mshipa wa kwatzi ulio papo hapo chini, mshuku mchwa. Kama kokoto zimejaa kwenye vijifereji na zimepangika kwa ukubwa, ni maji. Mpaka mkali wa mawimbi katika mfano wetu unaelekea maji, lakini bila kuona ukuta wa pili mimi nisingeapa.

Olduvai ilisomwa kwa njia hiyo hiyo, kwa subira zaidi. Chini kabisa ni lava, juu yake mfinyanzi wa ziwa la magadi lisilo na njia ya kutoka, katikati yake majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro, na juu zaidi tabaka la tatu, jekundu, linaloonekana kwa mbali. Mwanajiolojia Richard Hay alilifuata kila tabaka kando ya bonde hilo na kuchapisha kazi yake mwaka 1976. Fuvu la kiumbe wa ukoo wa binadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey humo mwaka 1959 lingebaki fuvu tu kama si majivu yaliyolizunguka. Mwaka 1961 yalipimwa kwa njia ya potasiamu na agoni, inayotoa umri wa mawe ya volkano, yakatoa miaka milioni 1.75.

Katika daftari tenga kurasa mbili: kushoto ulichokiona, kulia unachokidhani, na kila dhana uiandikie kitu ambacho kingeipinga. Kabla ya kuondoka, pima umbali kutoka ukutani hadi kwenye vitu viwili visivyohama, mti mkubwa na jiwe, kwa mfano. Masika ijayo korongo litakuwa limerudi nyuma na uso wa leo haupo. Vipimo hivyo viwili ndivyo vitakavyokuwezesha kuunganisha ukuta mpya na ule uliouandika.